Safu ya Sita

Nimetumwa na ofisi ya Kabidhi Wasii
na begi, mhuri, na fomu yenye safu sita.
Mfuko wa Amana wa Nkwimba Lugembe, Kirumba:
miaka kumi na mmoja haujaleta taarifa.
Kwa sheria naweza kupendekeza ufutwe
kabla ya chai ya saa nne.

Nkwimba aliuza dagaa Mwaloni hadi magoti yakagoma.
Aliacha vibanda vitatu vya kupangisha
na hati ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu,
herufi r imechoka kila inapotokea:
kodi yote inunue sanda, mbao na mchimbaji
kwa kila mtu ambaye ziwa litamrudisha
na asipatikane wa kumwita jina.

Wadhamini walikuwa watano. Wanne wamekwisha kuzikwa,
kwa pesa zao wenyewe.

Wa tano ni Zabroni Maduhu,
karani mstaafu wa mizani ya kiwanda cha pamba.
Chumbani kwake feni imesimama kama msalaba.
Ameweka mezani madaftari manne ya shule,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
"Anza popote," anasema.
"Hesabu siiogopi. Naogopa fomu."

Tarehe, ipo. Kiasi, kipo. Salio linakubali
hadi shilingi hamsini ambayo siku hizi haikununulii kitu.
Stakabadhi?
"Mchimba kaburi hana kitabu. Ana sururu."

Safu ya sita ni saini ya mnufaika.
Nilishaandaa swali langu, la kizimbani,
nikakuta ameijaza, mstari kwa mstari,
kwa mwandiko ule wa kuandikia marobota:

Shati la drafti, kifungo cha pili hakipo.
Mwanamke. Shanga za kiuno, nyeupe na buluu. Nimemwachia.
Kijana, mkononi amechanjwa M.
Mtoto. Kiatu kimoja, cha kushoto.
Sijui. Samaki walitangulia.

Tukapanda kilimani kuhesabu.
Daftari linasema arobaini na mmoja.
Mimi, kati ya mawe, nimepata arobaini,
nikarudia, arobaini,
na moyo wangu wa ukaguzi ukachangamka, nakiri,
kama paka aliyesikia sufuria.

"Shati la drafti," akasema bila kugeuka.
"Mama yake alivuka kutoka Ukara, akamchukua.
Sanda akairudisha kwa bei yake. Tazama mapato, mwezi wa tatu."
Nikatazama. Ipo: kutoka kwa mama wa kifungo cha pili.

Ningependa kuishia hapo, mzee akiwa msafi,
nami nikiona haya.
Lakini kibanda cha tatu kinalipa nusu tangu mwaka ule wa mvua nyingi,
na pembeni, kwa penseli, mkono uleule:
Mpwa wangu. Ana watoto. Nimekosa.

Nusu ya kodi kwa miaka saba ni mbao za watu wangapi?
Tulipiga hesabu pamoja. Yeye ndiye aliyemaliza kwanza.
Hakusema namba. Aliigeuza karatasi
akaniuliza kama nitakunywa maji.

Nimeandika yote mawili. Hoja ya kwanza, hoja ya pili.
Mpwa alipe au ahame. Wateuliwe wadhamini wanne.
Akaunti isimame hadi ripoti isomwe Dar es Salaam,
siku tisini, pengine zaidi,
faili huko nazo husubiri foleni.
Kiambatisho cha nne ni safu ya sita, nzima.
Wataniuliza ni cha nini.

Nilikuwa natafuta kidau cha wino wa mhuri
simu ya Zabroni ilipoita. Mlinzi wa soko la samaki.
Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kikiitikia peke yake,
akaifunika simu kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto usiku:
"Dada, ile akaunti. Imeshasimama,
au itasimama ukigonga?"

Kidau kilikuwa mkononi mwangu.
Nje kibanda cha tatu kilikuwa kinafungua milango.

"Mrefu kiasi gani?" nikauliza.